Jeraha la Mtoto Baada ya Hospitali: Mwongozo kwa Wazazi Wafanyakazi wa Kigali

Mwongozo huu ni wa mzazi anayeishi kwa jasho lake: motari (dereva wa pikipiki ya abiria) wa Nyabugogo, mama mwenye meza sokoni Kimironko, fundi ujenzi, mlinzi wa usiku, mhudumu wa hoteli, karani. Unamhusu mtoto aliyeumia bila ya mtu yeyote kukusudia: aliyemwagikiwa uji wa moto, aliyeanguka kutoka juu ya mparachichi, aliyegongwa na pikipiki akivuka kwenda shule, aliyekunywa javeli (dawa ya kung'arishia nguo) akidhani ni maji. Haufundishi huduma ya kwanza, ila pale ambapo dakika za mwanzo ndizo zinazoamua miaka ijayo. Kazi yake inaanza siku daktari anaposema, "Sasa nendeni nyumbani."

Siku hiyo wazazi wengi hufunga hesabu. Mtoto yu hai, bili imelipwa au imekopewa, bosi ameshaanza kununa, na meza ya sokoni imekaa wiki nzima bila mwenyewe. Tarehe ya marejeo iliyoandikwa kwenye karatasi inaonekana kama jambo la kuongezea tu. Hapo ndipo hasara kubwa zaidi huzaliwa.

Jambo moja lishikwe kabla ya mengine yote. Mtu mzima akivunjika mguu, mfupa ukaunga sawasawa, mambo yamekwisha. Mtoto bado anakua, na jeraha hukua naye. Kovu halirefuki kwa kasi ya mfupa ulio chini yake. Mfupa ulioumia mahali unapokulia huweza kupinda polepole bila maumivu. Ubongo ulioumia mtoto akiwa na miaka 4 utatakiwa kusoma, kukumbuka na kuzuia hasira miaka mingi baadaye, na kasoro huenda isionekane mpaka siku unapotakiwa kufanya kazi hizo. Kwa hiyo mpango wa familia upimwe kwa miaka.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti ya dunia kuhusu majeraha ya watoto. Ilikadiria kwamba watoto wapatao 830,000 hufa kila mwaka kwa ajali zisizokusudiwa, zaidi ya 2,000 kwa siku, na kwamba asilimia 95 ya vifo vya watoto vitokanavyo na majeraha hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ripoti hiyohiyo ilisema makumi ya mamilioni wengine hupelekwa hospitali, na wengi wao hubaki na ulemavu. Vifo vina daftari lake. Mtoto anayechechemea kila asubuhi kwenye ngazi za Gitega hana daftari linalomngoja, isipokuwa lile atakalotunziwa na mzazi wake.

Namna jeraha linavyokua

Tuanze na kuungua, kwa kuwa nyumba nyingi za Kigali bado zinapikia imbabura, yaani jiko la makaa, iliyowekwa chini, mlangoni au kwenye korido, na mtoto wa mwaka mmoja hadi minne yuko kwenye kimo kilekile cha sufuria. Mara nyingi kinachomuunguza ni maji, chai, uji au mafuta. Hapa huduma ya kwanza inahesabika kwa miaka: maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20 hupunguza kina cha kidonda, na bado yana faida ndani ya saa 3 za mwanzo. Dawa ya meno, mayai, asali na chumvi haviponyi, vinachafua tu. Kina kikipungua, kovu hupungua; na kovu ndilo litakaloishi na mtoto.

Kovu likipita juu ya kiungo, yaani kiwiko, kwapa, goti, vidole au shingo, hujikaza miezi mingi baada ya ngozi kufunga. Mzazi anaona kidonda kimekauka na kushukuru. Baada ya mwaka, vidole vimekunjika na havishiki kalamu. Kinachozuia hali hiyo hakina fahari yoyote: gango la kunyoosha kiungo usiku, kupaka mafuta na kukanda kovu kila siku, nguo ya kubana pale inapopatikana, na mazoezi ambayo mtoto atayalilia. Mtoto hupenda kukunja mkono kwa sababu kuukunja hakuumi. Mkao unaompa raha ndio unaomlemaza, na mzazi mwenye huruma asiyeambiwa hili humwachia.

Mfupa una hila yake. Karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna tabaka linalozalisha urefu. Likiumia, mguu mmoja waweza kubaki mfupi au mkono ukapinda upande mmoja. Plasta ikitolewa, kila kitu huonekana sawa. Daktari akisema mrudi baada ya miezi 6 na baada ya mwaka, hana nia ya kukuzungusha: anataka kuona kama mifupa miwili inakwenda pamoja. Wasichana wengi hukaribia kumaliza kurefuka wakiwa na miaka 14 hivi, wavulana 16. Mtoto aliyevunjika akiwa na miaka 7 ana safari ndefu mbele yake, na kupimwa mara moja kwa mwaka si kazi kubwa.

Kuhusu kiwiko kilichovunjika kwa kuanguka, neno la ukali kidogo. Kama mtoto amefungwa, iwe kwa plasta ya hospitali au vijiti vya mganga wa mifupa wa mtaani, na maumivu yanazidi, vidole vinavimba, vinapoa, vinakufa ganzi, au akinyooshewa vidole anapiga kelele, hiyo ni dharura ya saa chache. Misuli inayokosa damu haifufuki. Rudi usiku uleule, piga 912 kuita ambulensi ya SAMU, na usione aibu kusema mlipitia wapi kwanza. Mikono mingi imepotea kwa sababu ya aibu hiyo.

Kichwa ndicho kinachodanganya zaidi, kwa kuwa mara nyingi hakiachi kovu. Mtoto aliyegongwa akazimia anarudi shule baada ya mwezi, anacheza, anakula. Kisha mwalimu analalamika: hasikii, anasahau, anagombana, analala darasani. Nyumbani anaitwa mvivu, na fimbo inafuata. Kabla ya fimbo, jiulize kama tabia hiyo ilikuwepo kabla ya ajali. Kifafa nacho huweza kuanza miezi au hata miaka baada ya kichwa kuumia vibaya. Si laana, hakiambukizi, kina dawa, na Hospitali ya Caraes Ndera wilayani Gasabo imekitibu kwa miongo mingi. Mtoto mwenye kifafa asikae karibu na imbabura wala kuteka maji peke yake. Majeraha mabaya ya moto mara nyingi huwapata watoto wa namna hii.

Soda kali ya kutengenezea sabuni, na sabuni za maji zinazouzwa katika chupa zilizokuwa za maji ya kunywa, huchoma koo na umio. Usimtapishe mtoto, kinachopanda huchoma mara ya pili. Wiki kadhaa baadaye, wakati midomo imeshapona, umio unaweza kuwa unafunga: jana alikula ubugari, leo anameza uji tu, kesho maziwa. Usingoje akonde. Umio uliobanwa hupanuliwa kwa kifaa, mara kwa mara, pengine kwa miaka, na wakati huo wote chakula cha mtoto hupikwa peke yake. Familia inayouza sabuni ili ipate riziki, iweke chupa zake juu, zenye rangi na kizibo tofauti.

Jicho nalo lina muda wake. Ubongo hujifunza kuona katika miaka 7 au 8 ya mwanzo, kwa hiyo jicho lililochomwa na waya au penseli likiachwa na ukungu huweza kuzoea kutoona, hata kama ukungu utaondolewa baadaye. Omba rufaa haraka. Kabgayi, kule Muhanga, kuna hospitali ya macho inayojulikana nchi nzima.

Hofu isiyopimwa kwa mashine

Tafiti zilizofanywa hasa katika nchi tajiri zimeonyesha kwamba takriban mtoto 1 kati ya 6 walioumia hubaki na msongo wa mshtuko unaodumu, na wazazi vivyo hivyo kwa kiwango kinachokaribia hicho. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Anakataa barabara ile, anashtuka akisikia honi, anaota ndoto moja kila usiku. Wiki za mwanzo hilo ni la kawaida. Likipita mwezi mmoja, liseme kwenye kituo cha afya. Hospitali za wilaya zina huduma ya afya ya akili.

Mzazi ajitazame pia. Rwanda ina watu wazima wengi waliobeba mambo ya mauaji ya kimbari ya 1994, na usiku mmoja wa damu kwenye chumba cha dharura unaweza kuyaamsha. Ihahamuka, yaani kiwewe, haimchagui mgonjwa peke yake. Mzazi asiyelala hawezi kumkanda mtoto kovu kwa subira.

Lawama nyumbani

Katika wiki ya kwanza familia hutafuta mkosaji. Baba aliyekuwa kazini humuuliza mama, "Ulikuwa wapi?" Yaya hufukuzwa kabla ya jua kuzama. Dada wa miaka 9 aliyeachiwa mdogo wake hasemwi kitu, ila anajua wote wanamfikiria nini. Ushauri wetu ni huu: yaya asifukuzwe kwa hasira, kwani ndiye pekee anayejua ilivyotokea, na daktari anahitaji kujua ni kitu gani kilimezwa, kiasi gani, saa ngapi. Yule dada aambiwe waziwazi, na baba mwenyewe, kwamba kumlinda mdogo wake ilikuwa kazi ya watu wazima. Asipoambiwa ataibeba mpaka ukubwani.

Hospitalini mtaulizwa maswali mengi, pengine na ofisa wa ustawi wa jamii, kwa sababu hospitali ina wajibu wa kutofautisha ajali na ukatili. Jibuni ukweli uleule kila mara. Hadithi inayobadilika ndiyo inayoleta matatizo.

Halafu kuna umurwaza, yule ndugu anayelala na mgonjwa, kumfulia na kumletea chakula. Karibu kila mara ni mama, na asipokuwa mama ni binti mkubwa anayeachishwa shule "kwa muda". Muda huo una tabia ya kurefuka. Gawaneni zamu tangu siku ya pili: shangazi, baba, jirani wa isibo (kundi la kaya jirani), watu wa kanisani au msikitini. Baba naye anaweza kukanda kovu.

Kazi na pesa

Mituweli, bima ya afya ya jamii ambayo RSSB, bodi ya hifadhi ya jamii, imeisimamia tangu 2015, humwachia mgonjwa asilimia 10 ya bili ya hospitali. Wenye RAMA, bima ya afya ya waajiriwa, hulipa asilimia 15. Mwaka wa mituweli huanza Julai. Lipieni kaya yote mapema, maana ajali haingojei mshahara. Anzieni kituo cha afya, mfuate ngazi za rufaa ili bili isirudi kwenu nzima, isipokuwa katika dharura. Kuhusu magango, viatu maalumu na viungo bandia, ulizeni ofisi ya RSSB iliyoko hospitalini kabla ya kununua, kwa kuwa orodha ya vinavyolipiwa imekuwa ikipanuka.

Lakini bima hailipi nauli, chakula cha umurwaza, wala siku ambazo mzazi hakufanya kazi, na gharama hizi ndizo zinazoangusha familia. Zipigieni hesabu siku ya kuruhusiwa: marejeo mangapi, kila rejeo nauli kiasi gani, nani anakosa mapato siku hiyo. Ombeni daktari wa upasuaji na mtaalamu wa mazoezi ya viungo wawapangie siku moja. Mkilazimika kuuza kitu, kinachoingiza pesa kiuzwe mwisho. Motari anayeuza pikipiki kulipia operesheni ya kwanza hana cha kulipia ya pili, na kwa majeraha ya moto ya pili huja mara nyingi. Mkopo wa ikimina, kikundi cha kuweka akiba, wenye masharti yanayofahamika ni afadhali kuliko hilo.

Kwa aliyeajiriwa kwa mkataba, sheria ya kazi namba 66/2018 inatoa likizo ya mwaka ya siku 18 za kazi, inayoongezeka kwa siku moja kila baada ya miaka 3 mpaka 21. Usizimalize zote wiki ambayo mtoto yuko wodini, kama kuna ndugu wa kukaa naye. Weka nyingine kwa ajili ya marejeo. Mpelekee mwajiri tarehe zote kwa maandishi, pamoja na nakala ya karatasi ya hospitali, na uombe nusu siku mahali pa siku nzima. Soma mkataba wako kuhusu likizo za dharura za kifamilia, na uzungumze kabla ya kukosekana. Kukosekana bila taarifa ndiko kunakofukuzisha watu.

Kwa mwajiri atakayesoma haya: nusu siku nane kwa mwaka ni bei ndogo kuliko kumfundisha mfanyakazi mpya.

Karatasi

Nunueni faili moja, mweke ndani yake kila kitu: ripoti ya kuruhusiwa, picha za eksirei, risiti, kadi za marejeo. Pigeni picha ya kovu au mguu kila baada ya miezi 3, mahali palepale. Daktari mpya akiona picha sita mfululizo ataelewa kwa dakika moja jambo ambalo maneno yangechukua saa.

Ikiwa mtoto aligongwa na chombo cha moto, ajali iripotiwe polisi, na mfuatilie taarifa yao rasmi, ile PV. Kila gari na pikipiki hutakiwa kuwa na bima inayomlipa mtu wa tatu. Kama chombo kilikimbia na hakijulikani, au hakikuwa na bima, madai hupelekwa kwenye Mfuko Maalumu wa Dhamana, SGF. Familia nyingi hazijui kwamba mfuko huo upo, nazo huondoka mikono mitupu.

Hatari iliyo kubwa kuliko kutodai ni kukubali mapema. Mtu atakuja na bahasha wakati mtoto bado ana plasta, akiomba sahihi. Usitie sahihi. Kwa mtoto, kiwango cha ulemavu wa kudumu hakiwezi kujulikana kabla hali yake haijatulia, na daktari ndiye wa kusema imetulia. Ukishasaini kwamba umeridhika, mguu utakaoonekana mfupi akiwa na miaka 12 utakuwa wako peke yako. Ila madai yana ukomo wa muda, kwa hiyo usilale pia. Kila wilaya, zikiwemo Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge, ina ofisi ya msaada wa kisheria, MAJ, inayoshauri bila malipo. Nenda huko kabla ya kutafuta wakili wa kukugawia fidia nusu kwa nusu.

Shule

Mwandikie mkuu wa shule barua fupi: mtoto aliumia nini, hawezi nini kwa sasa, dawa gani anakunywa, apigiwe simu nani. Omba akae mbele, darasa la chini pasipo ngazi, aruhusiwe kwenda choo. Mwalimu awaambie wenzake ukweli mfupi kuhusu kovu kabla mtoto hajaingia darasani. Utani wa jina la kovu ndio unaowatoa shule wengi kuliko maumivu. Mwenye mkono usioandika haraka, muda wa ziada wa mtihani wa taifa uombwe mapema kupitia shule, si wiki ya mtihani. Sheria ya 2007 ya kuwalinda watu wenye ulemavu ipo, na shule inaijua au inapaswa kuijua.

Kuhusu matibabu ya muda mrefu, taasisi mbili zitajwe. HVP Gatagara, wilayani Nyanza, iliyoanzishwa 1960 na Padri Joseph Fraipont Ndagijimana kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, hutengeneza viungo bandia na magango, na hufanya upasuaji na mazoezi. Rilima, katika Bugesera, ni hospitali ya mifupa ya watoto. Zote hufikiwa kwa basi kutoka Kigali, na zote huhitaji rufaa ikiwa mnatumia mituweli.

Mtaa

Mtoto aliyeumia mara moja yuko katika hatari zaidi ya kuumia tena, kwa kuwa anatembea kwa gongo, anaona kwa jicho moja au ana kifafa, na nyumba haijabadilika. Imbabura iinuliwe juu ya kitako cha matofali. Makaa yanayozimika yasiachwe uani. Ruhurura (mfereji wa maji ya mvua) iliyo wazi karibu na nyumba, kama zilivyo nyingi kwenye miteremko ya Kimisagara na Nyamirambo, isemwe kwenye mkutano wa isibo na kwa mjanama wa afya, yaani mhudumu wa afya wa jamii. Kifuniko cha mbao kwenye kivuko cha watoto ni kazi ya umuganda mmoja, ile kazi ya pamoja ya mtaa.

Na ikiwa unasoma haya huku mtoto wako aliumia miaka miwili au mitano iliyopita, mkono wake umekunjika, mguu wake umepinda, na tarehe za marejeo zilipita zote, usikae nyumbani kwa kuogopa kukaripiwa. Kovu lililojikaza hufunguliwa kwa upasuaji hata baada ya miaka, na mfupa uliopinda huweza kunyooshwa. Chukua karatasi zozote ulizonazo, mpeleke mtoto kituo cha afya wiki hii, na uombe rufaa.